Meza ya Jumamosi kwa Makhanu, Langa Langa

Zamani, kijana wa Nakuru aliyetaka kucheza gemu alianza kwa kushika bisibisi na kuifungua kompyuta ajue ndani mna nini. Siku hizi anaanza kwa kubonyeza kwamba amekubali masharti ambayo huenda hata aliyeyaandika hajawahi kuyasoma.

Hivyo ndivyo alivyopenda kusema Makhanu, na kila aliposema alikuwa amesimama. Alikuwa mtu wa miaka sitini na tatu asiyeweza kukaa kitini hadi chai ipoe. Akiketi, goti linatikisika. Akisimama, anaenda dirishani. Akifika dirishani, anakumbuka waya fulani, anarudi mezani. Mkewe, Edinah, alikuwa amezoea kuzungumza naye huku akigeuza shingo huku na huku, kama mtu anayetazama mpira.

Baba yake alitoka Webuye kuja kufanya kazi ya reli, naye Makhanu akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru. Shule aliiacha darasa la saba. Mengine yote alijifunza mwenyewe. Kiwanda cha mablanketi kilimchukua kama mfagiaji, na kabla ya miaka mingi alikuwa akitengeneza mitambo, kwa sababu wakati wa chakula wenzake walipocheza drafti, yeye alikuwa amekaa na kitabu cha mtambo, Kiingereza mkono huu, kamusi mkono ule. Kiwanda kilipofungwa, ofisi ilikuwa ikitupa kompyuta zilizokufa. Makhanu akazibeba kwa mkokoteni hadi nyumbani kwake Langa Langa, na Edinah akauliza kama sasa wataanza kula plastiki.

Mafundi wa mjini walikuwa tayari kumwekea Windows ya wizi. Hakutaka kitu cha wizi. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Egerton akampa sidii ya Linux, ambayo kwa asiyejua ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ila hauna mwenyewe: umeandikwa na watu wa kila pembe ya dunia, na yeyote anaweza kuufungua, kuusoma na kuubadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Makhanu alipolielewa jambo hilo, alihisi kama mtu aliyekuwa akiishi nyumba za kupanga maisha yake yote, kisha akapewa kiwanja. Ilimchukua msimu mzima wa mvua kuufanya ukubali kutoa sauti. Ulipotoa sauti, akaanza kutafuta gemu za kucheza ndani yake, na hapo ndipo alipopotelea.

"Baba Naliaka," Edinah alimwambia, "wanaume wa rika lako wanafuga kuku."

"Kuku watakuletea nini?"

"Mayai. Wewe hizo gemu zinaniletea nini?"

"Amani. Si niko nyumbani?"

"Uko nyumbani ukimaliza tokeni za stima."

Basi taratibu vijana wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Kiplangat, aliyekuwa akiuza simu karibu na soko. Baadaye akaja Kihara, fundi wa kuchomelea milango, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Akaja Zeddy, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Na akaja Shukri, binti wa Nasrudin muuza spea wa Bondeni, wa familia zile zilizopanda kutoka Pwani wakati reli bado ni habari mpya. Shukri alikuja akiwa bado wa sare ya shule, amekumbatia laptopu iliyogoma kuwaka, machozi yanamlengalenga. Makhanu hakuigusa. Alimwambia, "Simama hapo, usome kwa sauti inachosema."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya meza ile, na hapakuwa na nyingine kama hiyo Nakuru nzima. Mashine ya mtu ikikataa, hakuna kumkimbilia, hakuna kumnyang'anya kibodi. Anasimama, anausoma ujumbe wote wa kosa kwa sauti, neno kwa neno, hata kama ni ukurasa mzima wa namba na alama. Akimaliza, anasema kwa Kiswahili yeye mwenyewe ameelewa nini. Ndipo wengine wanaruhusiwa kufungua kinywa. Wageni walidhani ni dhihaka. Baada ya miezi miwili au mitatu wanaona kwamba mtu akisoma kosa lake mbele ya wenzake, mara nyingi anafika katikati na kusema, "Aaah," na kuketi mwenyewe. Shukri siku ile alisema "Aaah" kabla ya mstari wa mwisho. Makhanu alicheka hadi akakohoa, na tangu siku ile kiti cha dirishani kikawa cha Shukri.

Wote walimwita Kuka, jina ambalo Waluhya humwitia babu, kwa sababu waliwasikia wajukuu zake wakimwita hivyo. Kila mmoja alikuwa amejiundia mashine yake pale kwa Makhanu, kipande kwa kipande, na kuiacha palepale mezani. Jumamosi, kabla ya kucheza, palikuwa na habari. Kila mtu alileta habari moja ya ulimwengu wa gemu, akaisoma, na Makhanu akatoa hukumu akiwa anatembea: kweli, nusu, au takataka.

Hukumu zake zilikuwa kali. Kampuni zilizouza gemu nusu na kuahidi kuimalizia baadaye, alizifananisha na fundi anayekukabidhi suruali ya mguu mmoja. Gemu unazolipia kila mwezi na usizimiliki kamwe, alisema ni kodi ya nyumba ya hewa. Habari ya kompyuta ndogo za kushika mkononi zinazoendeshwa na Linux ilimfurahisha, akaisifu wiki mbili mfululizo, ingawa hakuwahi kushika hata moja. Na siku moja Zeddy aliposoma habari ndefu ya gemu fulani mpya, Makhanu akamkatiza.

"Hiyo imeandikwa na mashine."

"Umejuaje, Kuka?"

"Imezunguka mara nne na haijafika popote. Mwandishi wa kweli angechoka."

Akili mnemba, au AI kama walivyoiita vijana, hakuikataa kwa kutoijua. Aliijaribu. Aliiuliza kuhusu mtambo wa kufuma aliokuwa akiutengeneza kiwandani, ikamjibu kwa adabu, kwa ufasaha, na kwa makosa. Alipoirekebisha ikamshukuru, ikaomba radhi, ikakosea tena. "Fundi anayeomba radhi kabla hajaangalia alichoharibu," alisema, "si fundi, ni mhudumu wa hoteli." Lakini hilo silo lililomnyima usingizi. Alichochukia ni kwamba vijana walianza kuuliza maswali yao wakiwa wameinamia simu, kila mtu peke yake, na jibu likaja peke yake. Swali la Kihara halikusikiwa tena na Shukri. Jumamosi nyingine ilipita bila mtu hata mmoja kusimama kusoma kosa, na Makhanu akabaki akizunguka chumba kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Bado walikuwa na Ngome. Hii ilikuwa gemu ya ng'ambo, watu watano dhidi ya watano, wa kulinda ngome na wa kuivunja, na ndiyo iliyowaleta bila kukosa. Shukri alikuwa hodari kupita kiasi. Ungemwona amevaa visikizi juu ya hijabu, uso umetulia kama anayechambua mchele, na kwenye skrini watu wazima wa nchi za mbali wanaanguka mmoja mmoja.

Sasa Jumamosi moja, Zeddy aliingia na simu mkononi hata salamu hakumaliza.

"Niaje wasee. Kuka, leo kaa chini kwanza."

"Nikikaa ndiyo itakuwa kweli?"

"Kaa tu, mzee wangu."

Hakukaa. Zeddy akasoma. Kuanzia tarehe moja ya mwezi unaofuata, Ngome ingekuja na mlinzi mpya, programu ya kuwanasa wanaocheza kwa hila, wale wa kuona kupitia ukuta. Mlinzi huyo hangefanya kazi kwenye Linux, kwa hiyo mashine za Linux hazingefunguliwa mlango tena. Kampuni iliwashukuru wachezaji wa Linux kwa uaminifu wao wa miaka yote.

"Inawashukuru!" Makhanu akapaza sauti. "Unamfukuza mpangaji huku unamshukuru kwa kufagia ua!"

"Hukumu, Kuka," Kihara akasema polepole. "Kweli, nusu, ama takataka?"

Makhanu alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Hakutoa hukumu.

Shukri alikuwa ameshavua visikizi. "Kuka, mimi itabidi niweke Windows."

Kila mtu alijua sababu. Timu moja ya Nairobi, ya watu wanaocheza Ngome kama kazi, ilikuwa imemwita kwa majaribio wiki ya pili ya mwezi huohuo. Walimwita kwa ajili ya akaunti yake: miaka mitano ya mechi, na ngazi ambayo nchini walioifikia ni wa kuhesabu. Bila akaunti ile alikuwa msichana kama msichana yeyote mwenye kompyuta.

"Kwenye meza yangu?" Makhanu akauliza.

"Kwenye mashine yangu. Ni ya muda tu."

"Kiplangat naye alisema anaenda Mau Narok kulima viazi kwa muda. Mpaka leo hajarudi."

"Sasa Kiplangat ameingiaje hapa?" Zeddy akacheka, lakini alikuwa peke yake katika kucheka.

Makhanu aliona mbali. Windows Shukri angeiweka nyumbani kwao Bondeni, kwa sababu asingekuwa na haja ya kuiweka pale. Shukri akiondoka, Kihara hatavuka mji Jumamosi kuja kutazama kiti kitupu. Na Zeddy hufuata waliko watu. Meza ile ingebaki na mzee na mashine zake. Akasema, kwa sauti ambayo alitaka iwe ya utani, "Nipe mpaka Jumamosi ya kwanza baada ya mlinzi kufika. Nikishindwa kuufungua mlango, hiyo Windows nitakuwekea mimi kwa mikono yangu."

Shukri akaviweka visikizi mezani. "Sawa, Kuka. Lakini Jumamosi hiyo tu."

Siku zilizofuata Makhanu hakutulia hata kwa kiwango chake. Alianza kunywa chai akaiacha ukumbini, akaanza nyingine akaiacha bafuni. Alitoka kwenda stesheni, akafika langoni, akakumbuka kwamba hana safari. Vumbi la Januari lilikuwa likizunguka barabarani, naye akatembea ndani yake hadi mtaa wa Shabab na kurudi, akijisemea kwa Kiingereza cha vitabu.

Zeddy akampitia na simu. "Kuka, nimeiuliza AI."

"Sikukutuma."

"Sikiliza tu. Imesema hakuna njia salama. Imesema ukijaribu kumdanganya mlinzi, anaweza kukuacha ucheze kwanza, halafu akufungie baadaye. Imesema zii kabisa."

"Imefundishwa na makampuni, itasema nini kingine? Itakwambia vunja mlango wa baba yangu?"

"Enyewe inaweza kuwa na makosa, lakini..."

"Lakini umeamini. Umesoma wapi wewe mwenyewe? Nionyeshe ukurasa."

Zeddy hakuwa na ukurasa wa kumwonyesha. Akarudisha simu mfukoni, na Makhanu akalihesabu hilo kama ushindi.

Alikwenda hadi Mau Narok kumwona Kiplangat, kwa sababu alitaka kusikia mtu mmoja tu akisema kwamba yuko sahihi. Alimkuta ndani ya gambuti katikati ya viazi, baridi inang'ata, ngano ya majirani imejaa hadi upeo wa macho. Kiplangat alifurahi kama mtoto. Kisha akainama, akaielekeza simu yake kwenye jani la kiazi, akasubiri.

"Unafanya nini?" Makhanu akauliza.

"Naiuliza hii AI kama ni ukungu."

"Hata wewe?"

"Kuka, daktari wa mimea yuko Nakuru, na mimi niko hapa."

"Na ikikudanganya?"

"Kwani macho sina? Nikiona inasema upuzi, nawaita majirani tutazame pamoja."

Hilo lilikuwa jibu ambalo Makhanu angelifikiria vizuri siku nyingine. Siku hiyo aliliona ni kisu kingine. Aliaga kabla ya chakula. Edinah alipomwona akiingia mikono mitupu alishika kiuno.

"Umetoka Mau Narok bila kiazi hata kimoja?"

"Sikwenda kununua viazi."

"Ulienda kufanya nini?"

Makhanu akaenda dirishani.

Ndipo akarudi mahali alipojifunza kila kitu, kwenye majukwaa ya zamani ya watu wa Linux mtandaoni, yale ambayo siku hizi hayana mgeni. Alisoma kurasa kwa kurasa. Akampata mtu mmoja wa nchi ya baridi ambaye, miaka kadhaa nyuma, aliandika namna ya kuifanya mashine ya Linux ijitambulishe kwa mlinzi wa gemu nyingine kana kwamba ni Windows. Maelezo yalikuwa marefu. Mwandishi alirukaruka, alitukana kidogo, alikosea maneno, na katikati akasimulia jinsi mbwa wake alivyotafuna waya wa kibodi. Chini yake mtu ameandika, imenifaa, asante.

Makhanu alihisi moyo ukitua. Huyu alikuwa mtu. Mashine haina mbwa. Alisoma yote mara mbili, akatafsiri, akaandika upya sehemu zilizokuwa za gemu ile nyingine zifae Ngome, na mlinzi mpya alipofika akajaribu kwa akaunti yake mwenyewe. Mlango ukafunguka. Alicheza mechi nzima na kupigwa vibaya, na hakuwa amewahi kufurahia kupigwa kama siku hiyo. Alimwamsha Edinah kutoka usingizi wa mchana kumwambia. Edinah alisema, "Mungu asifiwe," akageukia ukutani.

Jumamosi wakaja wote. Makhanu alikuwa ameandaa kila mashine, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi alikuwa amenyoa ndevu.

"Kuka, umeingia kweli?" Kihara akauliza.

"Jana na juzi. Ketini mwone."

Zeddy alikuna shingo. "Ile AI ilisema wanaweza kufungia baadaye..."

"Zeddy, tumekusikia. Hapa tunasoma, hatuambiwi."

Shukri alikuwa bado amesimama, mkono juu ya kiti chake. "Nitumie akaunti mpya kwanza? Ya kujaribu?"

Hapo ndipo Makhanu angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo. Lakini alikuwa amengoja neno la kuaminiwa tangu siku ile habari ilipoletwa, na aliona kama swali lenyewe linamtia wasiwasi mbele ya wengine.

"Nimeisoma yote, Shukri. Mstari kwa mstari."

"Una hakika?"

"Tangu lini nimekuwekea kitu nisichokijua?"

Shukri akatabasamu kidogo, akavaa visikizi, akaingia kwa akaunti yake ya miaka mitano. Akaingia Kihara. Akaingia Zeddy, na Makhanu akawa wa nne. Wa tano wakampata mtandaoni, mtu wa Gilgil ambaye hawakumjua.

Walicheza kama zamani. Kihara alishikilia mlango wa kushoto akinung'unika, Zeddy alipiga kelele za kila aina, na Shukri akapita ukutani kama upepo. "Kuka, nyuma yako! Nyuma, buda wangu, geuka!" Walishinda. Walishinda tena. Edinah akaleta mandazi, akasimama mlangoni kutazama, na kwa mara ya kwanza akauliza yule wa rangi nyekundu ni nani. Makhanu alikuwa ameketi. Kwa mechi tatu nzima alikuwa ameketi, na goti lake halikutikisika.

Mechi ya nne ilikuwa imeanza, skrini ya Kihara ikawa nyeusi. Kisha ya Zeddy. Makhanu alifikiri ni stima, akatazama taa, taa zilikuwa zinawaka. Skrini yake ikafuata. Shukri bado alikuwa anacheza, peke yake, dakika nzima hivi, halafu vidole vyake vikasimama.

Maandishi yalikuwa katikati ya skrini yake, mistari michache, meupe. Shukri alivua visikizi. Akasimama, kwa sababu katika chumba kile mtu akikutana na kosa husimama. Akasoma kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kuruka. Kisha akafanya sehemu ya pili.

"Nilivyoelewa mimi," alisema, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "wanasema nimemchezea mlinzi. Akaunti imefungwa. Imefungwa milele. Hakuna rufaa. Nilivyoelewa mimi, Kuka, wanasema mimi ni mwizi."

Makhanu akafungua kinywa. Alichosema ni kwamba kampuni ile haina haki, kwamba mashine ni ya mwenye mashine, kwamba kisheria, katika nchi zinazojiheshimu, jambo hilo lisingepita. Alisema mengi, akitembea. Alipogeuka kutoka dirishani, Shukri alikuwa ameshatoka, na Kihara alikuwa akivaa viatu mlangoni bila kumtazama.

Nasrudin, baba yake Shukri, alikuja siku iliyofuata. Alisimama uani, kofia yake mkononi, mtu mpole aliyenuka oili.

"Mzee Makhanu, mimi mambo ya gemu siyajui. Mtoto analia hataki kula. Mimi nilidhani ni mambo ya mvulana."

"Si mvulana."

"Anasema ni akaunti. Nikamwambia nitamfungulia nyingine benki. Akalia zaidi." Akaigeuza kofia mkononi. "Sasa niambie wewe, hiyo kitu inaweza kurudi?"

"Nitaandikia kampuni."

"Itarudi?"

"Nitawaandikia," Makhanu akarudia.

Akawaandikia, Kiingereza safi, kurasa mbili, akieleza kwamba kosa ni lake peke yake na msichana hakujua. Jibu lilikuja kabla hajainuka kitini. Lilikuwa la adabu sana. Lilimshukuru kwa kuwasiliana, likaelewa masikitiko yake, likaomba radhi, na halikubadilisha kitu. Aliandika tena, likaja lilelile kwa maneno mengine. Majaribio ya Nairobi yakapita. Timu ikachukua kijana wa Eldoret.

"Nenda ukamwambie pole," Edinah alisema. "Neno moja."

"Na baada ya hapo nimwambie nini?"

"Baada ya hapo unanyamaza. Najua hujawahi, lakini jaribu."

Alitoka kwenda Bondeni. Alifika kona ya msikiti, akasimama kana kwamba anasoma bango, akarudi. Siku nyingine alifika hadi duka la spea, akamwona Nasrudin akihudumia mteja, akaulizia bei ya plagi ambayo hakuihitaji. Nyumbani alipanga sentensi. Aliipunguza kila siku hadi ikabaki fupi vya kutosha.

Kisha Jumamosi moja vijana wakaja wenyewe, wote watatu, na tuktuk ikabaki ikinguruma nje ya geti.

"Sasa, Kuka," Zeddy alisema, akitazama sakafu. "Tumekuja kuchukua mashine."

"Zote?"

"Kuna chumba tumepata Section 58. Intaneti yake iko poa. Shukri anaanza na akaunti mpya, kutoka chini."

Shukri alikuwa nyuma yao. "Habari ya siku nyingi, Kuka," alisema, kwa heshima ileile ya siku zote, na heshima ile ndiyo iliyomchoma, kwa sababu ilikuwa ya mtu anayeongea na mzee wa mtaa.

Sentensi ilikuwa mdomoni mwake. Alikuwa ameibeba wiki nzima. Shukri akainama kuinua mashine yake, na Makhanu akamsikia mtu akisema, "Usishike kwa juu, bati litakatika. Shika chini. Mikono miwili." Alikuwa ni yeye. Akawazungukia, akawaambia skrini ziwekwe wima, akaleta blanketi la kuzifunga, akafokea dereva wa tuktuk aiendeshe pole kwenye matuta. Walimwachia afanye hivyo. Kihara alimpa mkono, akaushika kwa muda. Zeddy alisema, "Tutakuwa tukipita, si unajua." Makhanu akasema, "Piteni."

Shukri alipanda nyuma, mashine mapajani, mikono yote miwili imeishikilia chini kama alivyoelekezwa. Makhanu alisogea hadi kwenye tuktuk, akafungua kinywa tena, na dereva akavuta gia. Shukri akageuza uso kumtazama. Mikono haikuwa na nafasi, hivyo akainamisha kichwa tu, mara moja. Tuktuk ikapita kioski, ikapunguza kwenye tuta la kwanza, ikakata kona ya kuelekea mjini. Hakuwaona tena.